Askofu aliyelala stendi ya Gulu, na sisi tunaoshangilia mizinga

Mwaka juzi nilikaa siku tatu Elegu. Anayeijua Elegu hahitaji kuelezwa: vumbi, malori yamejipanga pande zote mbili za barabara, wapika chai wanapita katikati ya matairi, na vijana wa kubadilisha fedha wamekumbatia mabunda ya pauni za Sudan Kusini kama wamebeba mikate. Safari hiyo karatasi zangu zote zilikuwa sawa. Waliogoma ni madereva. Mwenzao alikuwa amepigwa risasi upande wa pili, kwenye barabara ya Nimule kwenda Juba, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kupita baada yake.

Siku ya pili jioni tulikuwa tumekaa juu ya magunia, watu kama kumi na tano hivi, Waganda, Wakenya, Wasomali wawili na sisi wa Tanzania. Mama mmoja mwenye shehena ya vitunguu, ambavyo vilishaanza kutoa maji, akasema kwa hasira: "Haya majeshi ni ya kazi gani? Waingie porini siku moja tu wasafishe, na sisi tupite." Watu wakaitikia. Utingo mmoja akapiga makofi.

Mimi nilinyamaza. Siyo kwamba nina moyo mzuri kuliko mama yule. Vitunguu vyangu vingekuwa vinaoza labda ningesema makali zaidi. Nilinyamaza kwa sababu niliwahi kupiga makofi ya namna hiyo, na nitaeleza hapa chini yalivyoishia. Lakini kwanza nataka kuzungumza habari ya stendi ya mabasi ya Gulu, ambako karibu sote tuliokuwa juu ya magunia yale tulikuwa tumepita usiku wa kuamkia safari, tukanywa chai, tukanunua chapati na kuendelea, bila kujua tumekanyaga wapi.

Mwezi Juni mwaka 2003, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jimbo la Gulu, John Baptist Odama, alitoka nyumbani kwake jioni akatembea kwa miguu hadi mjini na kulala stendi hapo, chini, kwenye baridi. Hakuwa peke yake. Walikuwapo viongozi wenzake wa dini wa Kianglikana, Waislamu na wa madhehebu mengine. Walifanya hivyo usiku nne mfululizo. Pembeni yao, kwenye varanda za maduka, kwenye viwanja vya makanisa na hospitali, walilala watoto. Miaka ile watoto wa vijiji vya Acholi walikuwa wakitembea kila jioni kuingia mjini kulala, na asubuhi wanarudi kwao, kwa sababu anayelala kijijini anaweza kuamka akiwa amefungwa kamba kiunoni, anapelekwa porini kuwa askari wa Joseph Kony. Wakati mambo yalipokuwa mabaya zaidi, watoto waliokuwa wakitembea hivyo kila usiku kaskazini mwa Uganda walikadiriwa kufika 40,000.

Askofu alikuwa na kitanda. Kwa nini akalale stendi? Kwa miaka mingi viongozi wa dini walikuwa wameandika matamko, wakahubiri, wakapeleka ujumbe Kampala, na dunia ilikuwa inaangalia kwingine. Mwaka 2003 dunia nzima ilikuwa inatazama Iraq. Askofu akienda kulala na watoto, waandishi wa habari wanakuja kumpiga picha askofu, na kwenye picha hiyo watoto nao wanaonekana. Hesabu yenyewe ni rahisi kama ya dukani. Novemba mwaka huo huo Jan Egeland, mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, alifika kaskazini mwa Uganda na kutoka akisema wazi kwamba hili ni janga kubwa ambalo dunia imelisahau. Sisemi ni stendi peke yake iliyomleta. Nasema stendi ilisaidia kuondoa kisingizio cha kutojua.

Wengi wanaosoma gazeti hili ni vijana, na vita vile kwao ni habari ya wazee, kwa hiyo niseme machache. Vilianza mwaka 1986, serikali ya Museveni ilipoingia madarakani, na baada ya makundi mengine kushindwa likabaki kundi la Kony, LRA. Kundi hilo lilidai kuwapigania Waacholi huku likiwaua na kuwateka Waacholi hao hao. Watoto zaidi ya 20,000 walitekwa kwa makadirio ya wakati ule. Serikali nayo iliwatoa wananchi mashambani ikawaweka kambini, ikisema ni kwa usalama wao. Kufika katikati ya miaka ya 2000 watu wapatao milioni 1.8 walikuwa kambini kaskazini nzima. Utafiti wa Wizara ya Afya ya Uganda na mashirika ya kimataifa mwaka 2005 ulikuta kwamba katika kambi za Acholi walikuwa wanakufa karibu watu 1,000 kila wiki zaidi ya wale ambao wangekufa katika hali ya kawaida. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara na msongamano. Hayo ndiyo "mazao" ya vita ambayo hayaonyeshwi kwenye gwaride.

Na barabara? Wazee wa Arua watakuambia. Kutoka daraja la Karuma kwenda Pakwach hukupita peke yako. Ulisubiri msafara wa magari uliosindikizwa na askari, na hata msafara nao ulishambuliwa. Atiak, pale tunaposimama kununua ndizi kabla ya kufika Elegu, siku moja ya Aprili mwaka 1995 waliuawa mamia ya watu.

Sasa, huyu Odama alikuwa nani katika haya yote? Kwanza, alikuwa mgeni. Si Muacholi, ametokea upande wa Arua, ng'ambo ya Nile, huko ambako mpaka wa Congo uko karibu kuliko Gulu. Alipewa uaskofu mkuu wa Gulu mwaka 1999, katikati ya vita. Alikuta tayari kuna umoja wa viongozi wa dini wa Acholi wa kutafuta amani, ambao ulikuwa umeunganisha Wakatoliki, Waanglikana, Waothodoksi na Waislamu chini ya Kadhi wao, Shehe Musa Khalil. Akauingia na baadaye akauongoza. Mwaka 2004 umoja huo ulipewa tuzo ya amani ya Niwano kutoka Japani. Tuzo ni jambo zuri, lakini kazi yao ilifanyika kabla ya tuzo, wakati hawakuwa wanashangiliwa na mtu yeyote.

Jambo la kwanza walilolipigania ni msamaha. Walizunguka, wakazungumza na wazee, wakawabana wabunge, mpaka Bunge la Uganda likapitisha Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Sheria ilisema muasi akiweka silaha chini na kukana uasi, hatashitakiwa. Kwa miaka iliyofuata watu zaidi ya 26,000 kutoka makundi mbalimbali ya waasi walijitokeza chini ya sheria hiyo, nusu yao hivi wakiwa wa LRA. Kila mmoja wa hao ni bunduki moja ambayo haikuhitaji kufuatwa porini na bunduki nyingine.

Hoja yao walikuwa wanairudia kila mahali, na ni hoja ambayo mfanyabiashara anaielewa haraka. Jeshi linapotangaza kwamba limeua waasi hamsini, hao hamsini ni nani? Ni watoto wetu waliotekwa. Yaani mzazi ameibiwa mtoto, halafu anaambiwa ashangilie kwamba mtoto huyo ameuawa kishujaa na jeshi linalolipwa kwa kodi yake. Mwaka 2002 serikali ilianzisha operesheni kubwa iliyoitwa Ngumi ya Chuma, majeshi yakaingia Sudan kuzifuata kambi za Kony, na viongozi wa dini wakaonya kwamba mtamfukuza nyuki bila kuondoa mzinga. LRA walirudi Uganda kwa wingi, utekaji ukaongezeka, vita vikasambaa mpaka Lango na Teso ambako havikuwapo. Wale watoto wa stendi wa mwaka 2003 walikuwa ni matokeo ya operesheni iliyotangazwa kuwa ya kumaliza kazi.

Je, waliosema hivyo walipendwa? Kwa upande wa serikali waliitwa washirika wa waasi. Agosti mwaka 2002 mapadre watatu walipokwenda eneo la Kitgum kuzungumza na waasi, jeshi liliuvamia mkutano na kuwashikilia mapadre. Kwa upande wa Kony ndiyo kabisa. Mei mwaka 2003 waasi waliingia seminari ndogo ya Lacor, nje kidogo ya Gulu, wakateka wanafunzi 41. Mwezi uliofuata Kony akatoa amri kwa redio za upepo kwamba misheni za Wakatoliki zivunjwe na mapadre wauawe. Angalieni tarehe hizo. Juni ile ile ambayo amri ya kuua mapadre imetolewa, ndiyo Juni ambayo Askofu Mkuu alikwenda kulala stendi, mahali ambapo yeyote angeweza kumfikia.

Na siku zile hazikuwa na Odama peke yake. Siwezi kuandika habari hii nikamruka Askofu Macleord Baker Ochola, Muanglikana, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kitgum. Binti yake alibakwa na waasi mwaka 1987 akajiua. Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, mke wake aliuawa na bomu lililotegwa ardhini. Mambo haya amekuwa akiyasema mwenyewe hadharani, nchini kwake na ng'ambo. Mtu kama huyo angesema "wasafisheni wote", nani angethubutu kumnyoshea kidole? Akasema kinyume chake. Alisema haki anayoitaka ni ile ya Waacholi ya mato oput, ambapo muuaji anakiri, ukoo wake unalipa fidia, na pande mbili zinakunywa pamoja maji machungu ya mzizi wa mti wa oput, ili watoto wa pande zote waendelee kuishi jirani.

Hapa nikiri kwamba kuna mahali ambapo mimi nasita na sikubaliani nao moja kwa moja. Serikali ya Uganda ilipeleka kesi ya Kony Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwishoni mwa 2003, na mwaka 2005 hati za kukamatwa zikatolewa kwa Kony na makamanda wake wanne. Maaskofu walipinga, wakisema hati hizo zitamfanya Kony asitoke porini kamwe. Inawezekana. Lakini pia wapo wanaosema hati ndizo zilizomtia hofu akakubali mazungumzo. Na wapo mama waliokatiwa midomo na masikio ambao hawakutaka kunywa kitu chochote na mtu yeyote, walitaka hakimu. Sioni kwa nini mama huyo alaumiwe. Dominic Ongwen, mmoja wa wale watano, alihukumiwa The Hague miaka 25 jela mwaka 2021. Naye alitekwa akiwa mtoto akienda shule. Ukiniuliza kama hukumu ile ilikuwa sahihi nitakuambia ndiyo, halafu usiku nitalala vibaya. Maaskofu walikuwa wameliona tatizo hilo miaka kumi na tano kabla ya majaji.

Mazungumzo yalianza Juba Julai mwaka 2006, Riek Machar akiwa msuluhishi. Odama alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini na wa mila waliosafiri hadi msituni, mpakani mwa Sudan na Congo, wakakaa na Kony uso kwa uso. Mtu aliyeamuru mapadre wauawe, askofu amekwenda kumsalimia. Agosti 26 mwaka huo makubaliano ya kusitisha vita yakatiwa saini. Kuanzia hapo, na hili ndilo naomba wenzangu mlishike, Acholi ilinyamaza. Watu wakaanza kutoka kambini, kwanza kwa kuogopa, wanakwenda kulima asubuhi na kurudi jioni, halafu wakajenga. Watoto wakaacha kulala stendi. Basi za usiku zikaanza kupita. Lami ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, na sote tunaopeleka unga, saruji, sabuni na vinywaji tunajua ni nani kati yetu aliyejenga nyumba kwa barabara hiyo. Hakuna ramani ya biashara ya Elegu bila ule mwezi wa Agosti.

Najua jibu lenu, maana nimelisikia mara nyingi. Mazungumzo yale si yalishindwa? Kony hakusaini. Aprili mwaka 2008 wajumbe, maaskofu na wazee walimsubiri Ri-Kwangba hakutokea, na baadaye akasubiriwa tena bure. Hiyo ni kweli tupu, wala simtetei. Kony alikuwa mwongo. Lakini kumwambia mwongo "njoo" mara kumi kuna gharama gani ukilinganisha na kilichofuata?

Kilichofuata ndicho makofi yangu.

Desemba 14 mwaka 2008 ndege za Uganda zilipiga kambi za Kony katika msitu wa Garamba, Congo. Operesheni ilikuwa ya nchi tatu: Uganda, Congo na Sudan Kusini. Siku habari ilipotangazwa nilikuwa Ariwara, soko kubwa la upande wa Congo, mwendo mfupi kutoka Arua, nikiuza sabuni na vyombo vya plastiki. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai, redio imewekwa sauti ya juu. Watu walisimama. Mimi nilipiga makofi, nikanunulia meza nzima chai. Nilisema maneno yale yale aliyosema mama wa Elegu: wasafishwe, tupite. Odama na wenzake walikuwa wakisema hapana, rudini mezani, na nakumbuka tuliwacheka kwamba hawa wazee wa kanisa wamezoea kuzungumza na shetani.

Mabomu yalikuta kambi ziko karibu tupu. LRA waligawanyika vikundi vidogo, wakaingia vijijini kulipiza kisasi kwa watu ambao hata habari ya operesheni hawakuwa nayo. Kati ya mkesha wa Krismasi na katikati ya Januari waliua raia wasiopungua 865 kaskazini mashariki mwa Congo na maeneo ya Sudan yanayopakana, kwa hesabu ya Human Rights Watch. Faradje walishambulia siku ya Krismasi yenyewe, watu wakiwa wametoka kanisani wanasherehekea. Waliuawa watu zaidi ya 140. Mwaka mmoja baadaye, Makombo, wakaua wengine 321 au zaidi.

Nilikuwa na mteja wa Faradje. Alikuwa anakuja Ariwara kwa baiskeli na pikipiki za kudandia, mara moja kwa mwezi au mbili, ananunua masanduku ya sabuni na kuondoka nayo. Tulikuwa tunakopeshana kwa maneno tu. Desemba ile alikuwa na deni langu dogo, akaniambia atalimaliza baada ya sikukuu. Hakuja Januari, wala Februari, wala tena. Sijui kama aliuawa, au alikimbilia kambini Dungu, au aliamua tu kubadilisha soko. Daftari lenye jina lake ninalo mpaka leo. Sijalikata lile deni, wala si kwa ajili ya fedha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alikuwa na akili ya biashara siku ile, mimi niliyenunua chai au askofu aliyesema rudini mezani, jibu langu liko kwenye daftari.

Nimeleta habari hii leo kwa sababu makofi yamerudi. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari, benki zikafungwa, na akina mama wanaovuka pale Gisenyi na beseni kichwani wakabaki na mitaji mfukoni isiyo na mahali pa kuingia. Mpaka wa Burundi na Rwanda ulifungwa tangu Januari 2024. Barabara ya Juba mnaijua. Na kila ninapokaa na wafanyabiashara wenzangu, Kasumbalesa, Mutukula, Rusumo, nasikia kila mtu ana jeshi lake analolishangilia. Mkongo ana lake, Mnyarwanda ana lake, na sisi wa pembeni tunachagua kama wanavyochagua timu za Uingereza.

Mwezi ule ule wa Februari 2025 maaskofu Wakatoliki wa Congo, CENCO, na wenzao wa Kanisa la Kristo, ECC, walifunga safari kwenda Goma kuzungumza na viongozi wa M23, wakaenda na Kigali. Walishaonana kwanza na Rais Tshisekedi. Na baadhi ya wanasiasa wa Kinshasa wakawalaumu kwa kuwapa waasi heshima wasiyostahili. Ukisoma lawama zile, badilisha majina tu, ni za Gulu mwaka 2002. Sikuona chama chochote cha wafanyabiashara wa mpakani kikitoa hata barua ya ukurasa mmoja kuwaunga mkono. Cha kwangu hakikutoa. Nilikuwapo kwenye kikao tulichozungumzia ushuru wa mizani kwa saa tatu, na vita tukavipa dakika kumi chini ya "mengineyo".

Tuseme ukweli pia kwamba wapo kati yetu wanaopenda hali iwe hivi. Uhaba una bei nzuri. Anayejua afisa wa kumpa msindikizaji anapita, na wengine wakibaki mpakani anauza gunia mara mbili ya bei. Watu hao hukaa viti vya mbele kwenye vyama vyetu. Hao hawatamsaidia askofu yeyote, na tusiwasubiri.

Lakini sisi wengine tuna kitu ambacho hata maaskofu hawana. Tunavuka. Odama ilimbidi aombe vibali, apangiwe safari, aongozwe msituni. Mama wa vitunguu anakula na askari wa upande huu asubuhi na wa upande ule jioni, anajua lugha zao, anajua nani ana hasira na nani amechoka, na wote wanamhitaji. Vikao vya kamati za mpaka vipo karibu kila kituo cha pamoja. Tuna wawakilishi humo. Wawakilishi hao wakisema, kwa jina la watu wenye mizigo, kwamba tunataka mazungumzo na tunawaunga mkono wanaokwenda kuzungumza, waheshimiwa watasikia kwa namna ambayo hawasikii mahubiri. Watatuita wasaliti? Pengine. Askofu aliitwa hivyo na pande zote mbili, akaendelea mpaka alipostaafu Machi mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 76.

Tukirudi Elegu. Siku ya tatu madereva walikubaliana kuondoka kwa pamoja, malori yote kwa mkupuo, mchana. Kabla ya hapo, asubuhi, nilikuwa nimemsimulia mama wa vitunguu habari ya stendi, kwa kifupi tu, tukisubiri maji ya chai yachemke. Alinisikiliza huku anatenga vilivyooza na vizima. Aliniuliza swali moja: askofu alilalia nini? Nikamwambia alilala chini, kama watoto. Akanyamaza kidogo, akatupa kitunguu pembeni, akasema akirudi atashuka stendi ya Gulu apaangalie mchana, maana siku zote anapita usiku.